Televisheni mpya na haki zilizotangulia

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, ndugu mmoja katika jamaa wa msikiti alibaki nyuma mpaka watu walipokwisha kutoka, kisha akaja kukaa karibu na mwandishi wa tahariri hii. Ndugu huyu ni fundi cherehani, ni mtu wa swala tano, na watoto wake wawili wanasoma katika madrasa yetu. Akasema: "Ustaadh, nina suali dogo, nami nalionea haya." Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na fedha alizopokea zilitosha kununua televisheni mpya, kubwa, ya kutundikwa ukutani. Aliyonayo nyumbani ni televisheni ya plazma, ambayo aliinunua mwaka 2011. Bado inawaka, lakini kioo chake kimeingia doa: nembo ya kituo kimoja imeganda pembeni, na haiondoki hata ukibadilisha kituo. Fundi wa televisheni amemwambia kuwa ugonjwa huo hauna dawa. Watoto wanalalamika, na majirani wamekwisha kubadilisha zao. Akauliza: "Je, nikinunua mpya, nitakuwa nimefanya israfu?"

Tumemwomba ruhusa tuliandike suali lake hapa bila ya kumtaja jina, naye amekubali. Tumefanya hivyo kwa sababu suali hili si lake peke yake, na kwa sababu majibu yanayozunguka mabarazani ni mawili, na yote mawili yana haraka. Wako wanaosema: televisheni ni haramu, funga mjadala. Na wako wanaosema: fedha ni zangu, nimezichuma kwa halali, nizitumie nitakavyo. Jibu la kwanza halimsaidii mtu ambaye chombo kimo ndani ya nyumba yake kwa miaka mingi. Jibu la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa linasahau kwamba mali ni amana, na amana ina mwenyewe.

Ua na kunyauka kwake

Tuanze na chombo chenyewe, kwani hukumu juu ya kitu hutokana na kukijua. Kioo cha plazma kilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wataalamu watatu: Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Hawakuwa wakitafuta burudani; walihitaji kioo cha kompyuta ya kufundishia wanafunzi. Baina ya vioo viwili kuna vijumba vidogo mno vilivyojazwa gesi kama neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi ile hutoa miale isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo ikigusa unga maalumu uliopakwa ndani, unga hung'aa kwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Kwa hiyo ile picha tunayoikodolea macho ni gesi iliyosisimuliwa na umeme, basi.

Mwaka 1997 televisheni za plazma za inchi 42 zilianza kuuzwa katika nchi tajiri, na huko Marekani bei yake ilikuwa kiasi cha dola 15,000. Bei ilishuka mwaka baada ya mwaka, mpaka zikafika kwetu, zikatundikwa katika sebule za wenye uwezo na katika kumbi za hoteli, na asiyekuwa nayo akajiona amebaki nyuma. Kisha nini kikafuata? Pioneer, kampuni iliyosifiwa kwa ubora wa plazma zake, ilitangaza kujitoa mwaka 2009. Panasonic ikatangaza mwaka 2013 kuwa inaacha kuzitengeneza, na Samsung na LG zikaacha mwaka 2014. Soko lilihamia kwenye vioo vya aina nyingine, vyembamba zaidi, vyepesi zaidi na vinavyokula umeme mdogo zaidi. Muda wote huo, tangu kuwa fahari ya mji mpaka kuwa kitu kisichotengenezwa tena, haukufika miaka 20.

Katika Surat Taha, aya ya 131, Allah (S.W.) anamkataza Mtume wake (S.A.W.) kuyakodoa macho yake kuelekea vile walivyostareheshwa navyo baadhi ya watu, na starehe hizo amezipa jina la zahra, yaani ua la maisha ya dunia. Wanazuoni wa tafsiri wameeleza kwa nini zikaitwa ua: ua hupendeza machoni, kisha halikawii kunyauka. Mwenye kuizingatia aya hii ataona kuwa katazo halikuanzia mkononi wala mfukoni. Limeanzia machoni, kwa sababu jicho ndilo linalotamani kwanza, na mkono hufuata.

Wala tusidhani kuwa hiki kilichochukua nafasi ya plazma kitadumu. Wauzaji hawaishi kwa kuuza kitu kimoja mara moja. Kila mwaka huletwa kioo kipana zaidi, chenye nukta nyingi zaidi na jina jipya zaidi, ili cha mwaka jana kionekane kikuukuu. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ameeleza kuwa mwanadamu lau angekuwa na bonde la dhahabu angetamani la pili, na kwamba hakuna kitakachomshibisha isipokuwa udongo. Anayesubiri televisheni ya kumkinaisha atasubiri mpaka kaburini.

Tusiharamishe kwa pupa, wala tusihalalishe kwa pupa

Ndugu zetu, chombo hakiswali wala hakiasi. Wanazuoni wa Usuli wameweka kanuni kwamba nyenzo huchukua hukumu ya malengo yake. Kisu kinachinja mnyama wa Eid, na kisu hichohicho kinamuua mtu. Televisheni inayoleta habari za walimwengu, mafunzo ya afya, darsa za elimu na mchezo usiokuwa na maasi, haiwi sawa na ile inayoleta uchi, kamari na matusi mbele ya watoto.

Wala dini yetu haikuja kuukausha moyo wa mwanadamu. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Mtume akasimama akimsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame, wala hakuondoka mpaka alipochoka yeye mwenyewe Bibi Aisha. Mume aliyesimama kwa ajili ya mkewe atazame mchezo wa halali ni kiigizo chetu, na hatuoni haya kulisema hilo.

Lakini anayeitumia Hadithi hii aitumie yote. Mchezo ule ulikuwa wa halali, na mwenye nyumba alikuwapo, amesimama, anajua kinachotazamwa. Leo baba wengi hununua televisheni kisha wakaenda zao, watoto wakalelewa na king'amuzi. Amri ya kuinamisha macho iliyomo katika Surat An-Nuur, aya ya 30 na ya 31, haikutofautisha jicho linalotazama njiani na jicho linalotazama ukutani. Na lililo haramu katika kioo cha inchi 14 ni haramu katika kioo cha inchi 55, ila hapa linaonekana vizuri zaidi. Anayejijua kuwa hawezi kukitawala chombo hiki, basi kwake kukiacha ni salama ya dini yake, na asihitaji kusoma maneno yanayofuata.

Tunayemkusudia sasa ni yule anayekitumia kwa halali, naye anataka kukibadilisha. Imam Ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria, katika kitabu chake Al-Muwafaqat, ameyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo bila yake dini au uhai huharibika, ya haja, ambayo bila yake watu hupata dhiki, na ya kupamba na kukamilisha. Televisheni mpya, pale iliyopo inapowaka, iko katika daraja la tatu. Kuwa katika daraja la tatu si dhambi. Kosa ni kulitanguliza la tatu mbele ya la pili na la kwanza. Hapo ndipo ulipo mzani wa suali letu, nasi tumeugawa katika maswali manne ambayo kila mwenye nyumba anaweza kujiuliza kabla hajaufungua mkoba wake.

Suali la kwanza: iliyopo imeshindwa nini?

Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na uchakavu wake haukuuzuia kukaliwa. Basi ajiulize mtu: je, iliyopo imekufa, au mimi ndiye niliyeichoka?

Tukumbuke yaliyotokea Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ya matangazo ilipozimwa Dar es Salaam na watu wakahamia kwenye ving'amuzi. Mwenye televisheni ya chogo hakulazimika kuitupa. King'amuzi kilichounganishwa nayo kilitosha. Mabadiliko ya dunia hayamlazimishi mtu kununua kila kinachouzwa. Mara nyingi lipo jambo dogo linalotosha, na anayeuliza hulipata.

Uadilifu unatutaka tuseme pia upande wa pili. Plazma hula umeme mwingi. Iliyo kubwa kiasi hutumia wati 200 na zaidi, na televisheni za sasa zenye ukubwa unaokaribiana nayo nyingi hutumia chini ya wati 100. Mtu anayewasha plazma ya wati 250 kwa saa 5 kila siku atamaliza uniti 37 na nusu kwa siku 30. Akitumia ya wati 80 kwa muda huohuo, atamaliza uniti 12. Tofauti ya uniti 25 na nusu kila mwezi si kitu cha kudharauliwa kwa mtu anayenunua LUKU kidogo kidogo. Hiyo ni hoja ya kweli, na mwenye kuitumia hoja hii kwa ukweli hapati lawama. Lakini aifanyie hesabu kwa kalamu na karatasi, aone ni miezi mingapi itapita kabla umeme uliookolewa haujarudisha bei ya chombo. Na akishakinunua, asiongeze saa za kutazama, kwani akiongeza, hoja yake imebatilika.

Suali la pili: ni haki ya nani iliyotangulia?

Suali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo tulilomwuliza fundi wetu. Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Salama bin Al-Akwa' (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza, akauliza kama maiti anadaiwa. Alipoambiwa kuwa anadaiwa, aliwaambia Maswahaba wamswalie wao. Abu Qatada (R.A.) akasema kuwa deni lile liko juu yake yeye, na hapo Mtume (S.A.W.) akamswalia. Ndugu yangu, kama deni lilimzuia Mtume wa rehema kuswalia jeneza, vipi lisituzuie sisi kutundika kioo ukutani?

Tuangalie kwa makini fedha za upatu, kwa sababu wengi hudanganyika nazo. Watu 12 wanapochangishana kila mwezi, anayepokea mwezi wa mwisho amepokea akiba yake. Lakini anayepokea mwezi wa pili amechanga michango miwili tu, na iliyobaki ni mali ya wenzake ambayo ataendelea kuilipa kwa miezi 10. Fedha hizo ni deni mikononi mwake, japo zimefungwa katika bahasha ya furaha. Akizimaliza kwa pambo, kisha kazi ikapungua, atakuja kuwakimbia wenzake, na atasema uongo simuni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga sana kwa Allah na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Baada ya deni huja matumizi ya wanaokutegemea: mke, watoto na wazazi waliokosa uwezo. Huja mshahara wa unayemwajiri, hata kama ni binti wa kazi za nyumbani anayelipwa kidogo na kucheleweshewa hicho kidogo. Huja Zaka. Vitu vya matumizi ya nyumbani havitolewi Zaka, lakini akiba ya fedha iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka inatolewa. Basi asije mtu akakimbilia dukani wiki moja kabla ya mwaka wake kutimia, akageuza akiba kuwa kioo ili Zaka imkose. Hila hiyo Allah anaiona.

Kisha huja jirani na jamaa. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Umar (R.A.) alimkuta Jabir bin Abdillah (R.A.) amebeba nyama, akamwuliza ni nini hiyo. Jabir akajibu kuwa walitamani nyama, naye akanunua ya dirhamu moja. Umar akamwuliza kama hakuna kati yao anayetaka kulikunja tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au mtoto wa ami yake. Na tuzingatie: nyama ni chakula, bei yake ilikuwa dirhamu moja, na mwenye kununua ni Swahaba mtukufu. Umar hakumwambia kuwa ameingia katika haramu. Alimkumbusha tu kuwa matamanio si sababu ya kutosha.

Suali la tatu: italipwa vipi?

Mwenye fedha taslimu, asiye na haki ya mtu shingoni, mlango wake uko wazi. Tatizo ni kwa anayetaka kuchukua sasa na kulipa baadaye. Kuuza kwa malipo ya awamu, hata kwa bei iliyozidi ya taslimu, wanazuoni wengi wamekujuzisha, kwa sharti kwamba bei moja iafikiwe wakati wa mkataba na isibadilike. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwezi Machi 1990, liliamua hivyo, na likaamua pia kuwa haijuzu kumtoza mdaiwa nyongeza akichelewa kulipa, kwa sababu nyongeza hiyo ni riba.

Basi asome mtu karatasi anayotia saini, au asomewe na anayejua. Akikuta kifungu kinachosema kuwa akichelewa ataongezewa, ajue anaalikwa kwenye jambo ambalo Allah (S.W.) amelitangazia vita katika Surat Al-Baqara, aya ya 279. Hakuna picha, hata ingekuwa nzuri namna gani, inayostahiki kununuliwa kwa vita hivyo. Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya haraka ya simuni yenye riba, ambayo vijana wetu huichukua kwa vidole viwili na kuilipa kwa machozi.

Suali la nne: kitaingia nini nyumbani?

Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliswali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, macho yake yakaangukia mapambo yale. Alipomaliza aliamrisha nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na akaeleza kuwa ilimshughulisha katika swala yake. Ilikuwa nguo tu, haisemi wala haichezi. Basi mwenye nyumba achague kwanza chombo kitakaa wapi: kisiwe chumbani mwa watoto, na kisiwe upande wa kibla katika nyumba ambayo sebule ndiyo mahali pa kuswalia. Achague saa ya kukizima, na yeye awe wa kwanza kuitii. Adhana ikiadhiniwa kizimwe, japo mpira umebaki dakika tano.

Hapa turudi kwenye lile doa la televisheni ya fundi wetu. Plazma ilikuwa na udhaifu huu: picha ikikaa mahali pamoja muda mrefu, ule unga wa ndani huchakaa mahali pale zaidi ya kwingine, na alama ikabaki. Haikuwa ajali ya siku moja. Ni saa baada ya saa, jioni baada ya jioni, miaka kwa miaka, nembo ileile. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Hudhayfa (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, ameeleza kuwa fitna huonyeshwa moyo kama unavyosukwa mkeka, ukindu baada ya ukindu, na moyo unaozinywa huandikwa nukta nyeusi, mpaka ukafika kutojua jema wala kuchukia baya. Kama kioo kinashika alama ya kile kinachopitishwa juu yake kila siku, itakuwaje kwa moyo wa mtoto wa miaka saba? Televisheni yenye doa hubadilishwa. Moyo haupatikani dukani.

Neno kwa viongozi wa misikiti

Haitakuwa insafu kumpima fundi cherehani kwa mzani huu na kujiacha sisi wenyewe. Wapo katika sisi, wasimamizi wa misikiti na madrasa, wanaofikiria kununua vioo vikubwa vya kuonyeshea khutba, na kuzipamba kuta kwa marumaru. Vinaweza kuwa na faida: ukumbi wa akina mama usiomwona khatibu hunufaika na kioo. Lakini tuulize maswali yaleyale. Je, walimu wa madrasa wamelipwa posho yao? Je, choo na mabomba ya udhu ni mazima? Je, yatima waliosajiliwa wamefikiwa? Imethibiti katika Sahih Muslim kuwa Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia mlangoni, Mtume (S.A.W.) akalivuta na kulichana, na akaeleza kuwa Allah hakutuamrisha kuyavisha mawe na udongo. Mwenye kuvishwa kwanza ni binadamu, kisha ukuta.

Jibu

Tulipomwuliza fundi wetu suali la pili, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Ustaadh, kuna mdogo wangu." Mdogo wake alimkopesha fedha za cherehani mbili miaka mitatu iliyopita, cherehani zilezile anazochumia riziki mpaka leo. Tangu hapo mdogo mtu hajamdai hata mara moja, kwa haya na kwa heshima ya ukubwa, naye kaka mtu alikuwa ameuchukulia ukimya ule kuwa ni msamaha. Tukamwuliza: "Amekusamehe kwa ulimi wake?" Akasema hapana. Na katika kuhesabu tukakuta pia kuwa zamu yake ya upatu ilikuwa ya tatu, na mbele yake iko michango ya miezi mingi.

Hatukumwambia kuwa televisheni ni haramu, kwa sababu si haramu. Hatukumwambia kuwa kununua ni israfu, kwa sababu kwa mtu mwingine, mwenye wasaa na asiyedaiwa, lingekuwa jambo la mubaha, na pengine la thawabu akinuia kuwafurahisha watu wa nyumbani mwake. Tulimwambia kwamba kabla ya kuuliza kama ni israfu, aulize kama fedha hizi ni zake. Imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kuwa tabdhiri, ambayo wenye nayo wameitwa ndugu wa mashetani katika Surat Al-Israa, aya ya 27, ni kutoa mali pasipo haki. Na mali ya mdogo wako kuigeuza pambo la sebule yako ni pasipo haki.

Tukamshauri mambo matatu: aseme na mkewe, kwa kuwa nyumba ni ya wote wawili na shura ni sunna, amwendee mdogo wake kabla mdogo wake hajalazimika kumjia, na aswali Istikhara. Jabir (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Maswahaba Istikhara katika mambo yote, kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Lakini Istikhara ni ya kuchagua baina ya mambo ya halali. Katika kulipa deni wakati uwezo upo hakuna Istikhara. Ni kulipa tu.

Ijumaa iliyofuata alitupa habari. Sehemu ya fedha aliipeleka kwa mdogo wake, na sehemu ameiweka kwa ajili ya michango ya upatu iliyobaki. Mdogo wake alizipokea kwa kutetemeka, kwa kuwa mkewe alikuwa amelazwa, naye alikuwa amekwisha zunguka kwa watu watatu kutafuta mkopo, na nyumba ya kaka yake akaipita. Fundi alipofika hapo hakuweza kuendelea na maneno, nasi hatukumwongezea neno.

Televisheni yake bado iko pale mezani, na doa lake pembeni. Watoto wake, kwa anavyosema, bado wanalalamika. Huenda mwakani, akijaaliwa, ataibadilisha, nasi tutampongeza.

Nawe msomaji, kabla hujaingia dukani, keti na watu wako, toa daftari, na andika majina ya wanaokudai: waliokudai kwa maneno na walionyamaza. Ukimaliza kulisoma daftari hilo na ukakuta hakuna jina, nunua kwa jina la Allah, kwa kiasi, bila ya kujionyesha. Katika Surat Al-Furqaan, aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwa kutofuja na kutofanya uchoyo, bali kukaa katikati.

Tunamwomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, atulipie madeni yetu, azilinde nyoyo za watoto wetu, na atujaalie kinaa kwa kile alichotugawia. Amin.

Wabillahi tawfiq.